Kutiana Moyo na Kusifiana ni Mambo Mawili: Somo kutoka kwa Wapigaji wa Vibrafoni



Safari hii tunaomba kuwapeleka mbali kidogo na vitabu vya darasani, tuwatazame watu wachache waliotawanyika katika miji mingi ya dunia, wanaopenda ala moja ya muziki ambayo wengi wetu hatujawahi kuigusa. Ala hiyo ni vibrafoni. Wapenzi wake wana desturi moja iliyotuvutia. Mtu hujirekodi nyumbani kwake akipiga, huwatumia wenzake rekodi hiyo kwa intaneti, nao humsikiliza na kumtia moyo. Kati yao wamo waliozeeka na ala hiyo na wamo walioinunua juzi. Wengi hawatapanda jukwaani hata siku moja, na hakuna anayewalipa.

Sisi tunaosoma falsafa tumejiuliza: watu hawa wanapeana kitu gani hasa? Maana neno “kutiana moyo” tunalitumia sana. Tunalisikia kwenye jumuiya, kwenye kwaya, kwenye semina za vijana na hata kwenye matangazo baada ya Misa. Lakini mara nyingi tunaposema tumemtia mtu moyo, tulichofanya ni kumsifu tu, na pengine kumsifu bila hata kumsikiliza. Maoni yetu ni kwamba kutia moyo ni kazi, tena kazi yenye masharti, na wapigaji hawa wanatuonyesha masharti hayo vizuri kuliko hotuba nyingi.

Ala yenyewe

Kwanza tuifahamu ala. Vibrafoni ilizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika kiwanda cha Leedy mjini Indianapolis. Mwaka 1927 kiwanda cha Deagan cha Chicago kikaiboresha kwa kutumia vibao vya alumini na kuongeza pedali. Ni ndugu wa marimba tunazozijua, ila vibao vyake ni vya chuma na vimepangwa kama funguo za piano. Ya kawaida ina vibao 37, yaani oktavu tatu. Chini ya kila kibao kuna bomba la kukuza sauti, na juu ya mabomba hayo kuna visahani vinavyozungushwa na mota ya umeme. Visahani vinapozunguka, sauti huvuma kwa mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yaliyoipa ala jina lake. Mpigaji hutumia mikwiro miwili, au minne akitaka kupiga sauti kadhaa kwa pamoja.

Jambo kubwa liko kwenye pedali. Ukikanyaga, sauti huendelea kulia, ukiachia, hunyamaza. Kwa hiyo mpigaji wa vibrafoni hahukumiwi kwa sauti anazopiga peke yake. Anahukumiwa pia kwa sauti anazozizima. Asipozima kwa wakati wake, sauti ya jana na ya leo huchanganyika, na wimbo unakuwa kama maji yaliyovurugwa. Wapigaji wazuri huzima hata kibao kimoja kwa kukigusa kwa mkwiro huku vingine vikiendelea kulia. Hilo halijifunzwi kwa siku moja, na ni vigumu sana mtu kujisikia mwenyewe akiwa katikati ya kupiga. Mikono ina kazi, mguu una kazi, sikio linasikia kile moyo unachotaka kusikia. Ndiyo maana rekodi ni ya lazima, na ndiyo maana sikio la mwingine ni la lazima zaidi.

Kisha kuna upweke. Gitaa liko kila mtaa. Kinanda kiko karibu kila parokia. Lakini vibrafoni ni nzito, mpya ya kiwango cha juu inauzwa kwa maelfu ya dola za Marekani, na kwa kawaida bendi ikiwa na vibrafoni huwa nayo moja tu. Mji mzima unaweza kuwa na mpigaji mmoja, au usiwe naye kabisa. Mtu anayejifunza ala ya namna hii hana jirani wa kumwuliza. Ndiyo maana anatuma sauti yake mbali.

Walioinuliwa na wengine

Historia ya vibrafoni imejaa watu walioinuliwa na wenzao. Lionel Hampton, aliyezaliwa mwaka 1908, alifundishwa ngoma kwa mara ya kwanza na mtawa Mdominikani katika shule ya Kikatoliki jimboni Wisconsin. Baadaye alijifunza zailofoni, ambayo ni ndugu wa vibrafoni mwenye vibao vya mbao. Mwaka 1930 alikuwa mpiga ngoma kijana katika studio ya kurekodia huko Los Angeles, akimsindikiza Louis Armstrong, ambaye tayari alikuwa mtu mkubwa. Ndani ya studio ilikuwamo vibrafoni. Armstrong alimwuliza kama anaweza kuipiga. Hampton akaipiga, na wimbo “Memories of You” waliourekodi siku hizo ukawa miongoni mwa nyimbo za kwanza za jazi kuwa na vibrafoni. Tuseme Armstrong asingeuliza. Huenda Hampton angebaki mpiga ngoma mzuri, na ala ile ingesubiri mtu mwingine. Swali moja la mkubwa kwa mdogo lilifungua mlango.

Bobby Hutcherson, aliyeishi kati ya mwaka 1941 na 2016, anatufundisha upande mwingine. Akiwa kijana huko California alisikia rekodi ya Milt Jackson, mpigaji aliyekulia katika nyimbo za kanisani huko Detroit na aliyezifanya vibrafoni ziimbe polepole kama koo la mwanadamu. Hutcherson akaamua kununua ala yake. Mwenyewe alisimulia kwamba rafiki yake alimshauri aandike namba kwa kalamu ya wino juu ya vibao, ili onyesho la kwanza lisimshinde. Kabla ya kuanza, mhudumu wa jukwaa alikuta vibao vimechafuka, akavipangusa kwa kitambaa chenye maji. Namba zote zikaondoka. Noti ya kwanza kijana aliikumbuka. Zilizofuata zilikuwa vurugu tupu. Watu wakazomea na kucheka. Baba yake, aliyekuwa fundi wa kujenga kwa matofali, alisema kuwa alishatabiri, na kwamba kijana angefaa zaidi kazi ya ujenzi. Mama yake alikuwa akitabasamu.

Hutcherson hakuacha. Akawa mmoja wa wapigaji wakubwa wa vibrafoni wa karne ya 20. Tusidai kwamba tabasamu la mama ndilo lililomfanya mpigaji. Tabasamu halifundishi noti. Lakini siku ile ukumbi mzima ulimpa kijana sababu ya kuacha, na mtu mmoja alimpa sababu ya kurudi kesho kwenye mazoezi. Baada ya hapo alihitaji pia watu wa kumwambia noti zipi zilikosewa. Vyote viwili vilihitajika, na ndiyo hoja yetu.

Wanafalsafa wanasemaje?

Katika kitabu cha pili cha Maadili kwa Nikomako, Aristotle anatoa mfano wa wapiga kinubi. Anasema mtu anakuwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, kama vile anavyokuwa mwenye haki kwa kutenda haki. Mara nyingi tunaishia hapo, tukaona somo ni “fanya mazoezi”. Lakini Aristotle anaendelea mbele na kusema kwamba kwa kupiga kinubi hutoka wapigaji wazuri na pia wapigaji wabaya. Mazoezi yanajenga ufundi, na mazoezi yaleyale yanaweza kuimarisha kosa. Anayekanyaga pedali vibaya kila siku kwa mwaka mzima atakuwa hodari wa kuikanyaga vibaya. Kwa sababu hiyo, anasema Aristotle, tunahitaji mwalimu. Pasipo hilo kila mtu angezaliwa fundi au mbovu, basi.

Hapo tunaona kwa nini sifa tupu ni hatari. Ukimwambia mpigaji “safi sana” wakati sauti zake zinavurugika, unalibariki kosa. Unamsaidia kuwa mbaya kwa bidii.

Mtakatifu Thomas wa Akwino naye anatusaidia kwa upande wa pili. Katika Summa Theologiae anazungumzia udhaifu wa moyo, yaani hali ya mtu kukataa jambo ambalo kwa kweli yuko ndani ya uwezo wake kulifanya. Anamtaja yule mtumishi wa Injili aliyeifukia talanta ardhini kwa hofu. Kwa Thomas hiyo ni kasoro, na haipaswi kuitwa unyenyekevu. Mtu huyo anajidharau, na kwa kujidharau anawanyima wengine kile alichopewa kwa ajili yao. Katika kitabu hichohicho Thomas anaweka kumrekebisha ndugu kuwa tendo la upendo, na kujipendekeza kwa maneno ya sifa anakuweka kati ya dhambi.

Tukiunganisha hayo tunapata maana ya kutia moyo. Ni kumsaidia mwenzako asifukie talanta kwa hofu, na wakati huohuo kumsaidia asijizoeze kosa. Anayefanya la kwanza bila la pili anabembeleza. Anayefanya la pili bila la kwanza anavunja.

Jinsi wanavyofanya

Turudi kwa wapigaji wetu. Tukitazama namna wanavyojibizana pale wanapofanya vizuri, tunaona mambo manne.

Kwanza, wanasikiliza hadi mwisho. Rekodi ya dakika tano inahitaji dakika tano za msikilizaji. Hakuna njia ya mkato. Kidole gumba kinachotumwa sekunde kumi baada ya rekodi kufika kinajulisha kwamba haikusikilizwa.

Pili, wanasema jambo mahususi. Wanamwambia mtu kwamba pale wimbo ulipobadilika, mkwiro wa kushoto ulizima sauti kwa wakati wake. Au kwamba mota inazunguka haraka mno kwa wimbo wa polepole. Au kwamba aachie pedali mapema kidogo kabla ya sauti mpya. Sifa mahususi ina nguvu kuliko sifa kubwa, kwa sababu inathibitisha kwamba sikio lilikuwapo. Na anayeipokea anajua cha kurudia kesho.

Tatu, wanachagua jambo moja la kurekebisha. Mwanafunzi akiambiwa makosa kumi na mawili, hata yawe ya kweli yote, ataiweka mikwiro chini. Mwalimu mzuri huona kumi na mawili, akataja moja, akayahifadhi mengine kwa siku zake. Huko si kuficha ukweli. Ni kuugawa kwa kadiri ya uwezo wa anayelishwa, kama mama anavyofanya na mtoto.

Nne, anayesahihisha naye anatuma rekodi zake. Hili ndilo lililotugusa zaidi. Mzoefu hakai pembeni kama hakimu. Naye hutoa sauti yake ikasikilizwa, pamoja na pale alipoteleza. Maneno yake yanapokelewa kwa urahisi kwa sababu yuko kwenye hatari ileile.

Pingamizi tatu

Wapo watakaosema kwamba kujirekodi na kusubiri maneno ya watu ni majivuno. Hatari hiyo ipo kweli. Lakini tuangalie mtu anatafuta nini. Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre, katika kitabu chake After Virtue cha mwaka 1981, anatofautisha faida zilizo ndani ya kazi yenyewe na faida zilizo nje yake, kama fedha na umaarufu. Vibrafoni haina mashabiki wengi kiasi cha kumpa mtu umaarufu mkubwa. Anayetuma rekodi yake kwa wapigaji wenzake kumi anatafuta kitu ambacho wao tu wanaweza kumpa, nacho ni hukumu ya masikio yanayojua. Mwenye majivuno hukimbia masikio kama hayo.

Wengine watasema kwamba mkubwa hujitengeneza mwenyewe, nao watamtaja Gary Burton. Ni kweli kwamba Burton, aliyezaliwa Indiana mwaka 1943, alifundishwa kwa muda mfupi tu utotoni, kisha kwa sehemu kubwa akajifundisha mwenyewe. Aliibua namna yake ya kushika mikwiro minne, ambayo leo inafundishwa kote na inaitwa kwa jina lake. Lakini mtu huyo huyo alitumia zaidi ya miaka 30 katika chuo cha Berklee mjini Boston akifundisha wengine, na mwaka 2013 alitoa kozi ya muziki wa jazi bila malipo kwa njia ya intaneti. Aliyefaulu peke yake hakutaka wengine wawe peke yao. Tena, kwa kila mmoja aliyeshinda upweke, hatuwezi kuwahesabu walioshindwa, kwa sababu hawakusikika.

Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito kwetu: je, watu wasioonana ana kwa ana ni jumuiya kweli? Tunakubali kwamba kuna kitu kinapungua. Ndugu zetu Waganda wana amadinda, ala ya vibao 12 vya mbao. Wapigaji watatu hukaa wakielekeana kwenye ala moja. Wawili huingiliza mapigo yao, pigo la mmoja likianguka katikati ya mapigo ya mwenzake, na wa tatu huurudia wimbo kwenye vibao viwili vya juu. Msikilizaji anausikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga mzima. Jambo hilo haliwezekani kwa rekodi zinazotumwa kutoka mbali. Linahitaji pumzi, macho na mbao zilezile. Kwa hiyo tunasema rekodi inayotumwa mbali ni daraja, na mwenye amadinda karibu asijifungie na simu. Lakini kwa mtu aliye peke yake mjini kwake, daraja ni neema. Mulatu Astatke, mzaliwa wa Jimma huko Ethiopia, ilimbidi asafiri hadi Uingereza na Marekani ndipo aipate vibrafoni na watu wa kujifunza nao, kabla ya kuurudisha ujuzi huo nyumbani na kuuchanganya na muziki wa kwao. Si kila kijana atapata nauli ya namna hiyo.

Na kwetu je?

Kwenye parokia zetu hakuna vibrafoni, lakini yupo kijana anayejifunza kinanda. Jumapili moja anapewa nafasi kwenye Misa ya pili. Anakosea kiitikio cha zaburi. Watu wa mabenchi ya mbele wanageuka, wanakwaya wawili wanacheka chinichini, na baada ya Misa hakuna anayemwambia neno. Wiki inayofuata hayupo. Mwaka unaofuata mpiga kinanda wa siku zote anahamishwa kikazi, na parokia inaanza kuulizana kwa nini vijana wa siku hizi hawapendi kujitolea. Jibu lilikuwapo siku ile kwenye mabenchi ya mbele.

Kuna na upande mwingine. Kwaya inarekodi wimbo mpya, unatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na ndani ya dakika moja zinafurika pongezi, makofi na maua. Sauti ya tatu iko chini ya ufunguo tangu ubeti wa kwanza, kila mwenye sikio anajua, na hakuna anayesema. Wimbo unaimbwa hivyo siku ya Sherehe ya Pasaka. Upendo hapo umekwenda wapi? Umeogopa kuonekana na wivu.

Nasi waseminari tunahusika kwa karibu. Tunajiandaa kwa maisha ya kusimama mbele za watu na kusema. Padre anayesifiwa kila Jumapili na watu wasiosikiliza atahubiri vibaya kwa miaka arobaini kwa amani kabisa. Na padre aliyechekwa siku ya kwanza, asipate wa kumshika mkono, atajificha nyuma ya karatasi maisha yake yote. Waamini ndio watakaolipa gharama ya yote mawili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji bajeti. Kila anayejifunza ala, kusoma masomo au kuhubiri, apewe watu watatu wa kumsikiliza kwa makusudi, mmoja wao akiwa mwanafunzi kama yeye. Ajirekodi kwa simu, kisha wasikilize pamoja hadi mwisho. Kila msikilizaji ataje jambo moja alilolifurahia na mahali lilipotokea, na jambo moja la kufanyia kazi. Baada ya wiki mbili warudi kusikiliza tena, maana kumshauri mtu na kutorudi kuona alikofika ni kumtupa. Na mwalimu wa kwaya, au mwanafunzi wa mwaka wa juu, naye akubali kusikilizwa na hao hao.

Waliozoea pongezi za haraka wataona kwamba utaratibu huu unachosha. Ni kweli, unachosha. Kusikiliza kunakula muda, na muda ndicho kitu cha kwanza tunachompa mtu tunayempenda. Wapigaji wa vibrafoni, ambao wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso, wanapeana muda huo kwa ajili ya vibao vya alumini. Sisi tunaokaa benchi moja na kula meza moja hatuna sababu ya kupeana pungufu ya hapo.